Punje Nyeupe Katika Vyoo vya Makunduchi

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawapeleka mahali ambapo watu wengi hawapendi kupazungumzia, yaani chooni. Msicheke. Sisi tuliokaa katika kazi ya uuguzi kwa miaka mingi tumejifunza kwamba afya ya nyumba hujulikana upesi zaidi uani kuliko ukumbini. Na hapa Unguja choo kina habari yake ya pekee ambayo vijana wengi hawajapata kuisikia, ingawa imeandikwa katika majarida ya wataalamu wa dunia nzima.

Tuanze na mgonjwa mmoja. Alitujia asubuhi, mzee wa makamo ya miaka sabini, mvuvi tangu utoto wake, ameongozana na mjukuu wake wa kiume wa miaka tisa. Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa umevimba kuanzia goti hadi vidoleni, ngozi imekuwa ngumu na yenye mikunjo, na kati ya vidole mlikuwa na vidonda vyenye harufu. Alikuwa ameufunga kanga kuukuu. Tulimwamkia, tukamkalisha, tukaanza kumfungua ule mguu. Akatuzuia kwa mkono.

"Wanangu, huu mimi nimeshauzoea," akasema. "Nimeletwa na huyu. Tunalala chumba kimoja. Nataka kujua, na yeye atakuwa hivi?"

Hilo ndilo swali tunalotaka kulijibu leo, kwa sababu jibu lake halimo katika dawa peke yake.

Ugonjwa wa mzee yule ni matende. Ndugu yake ni busha, yaani maji kujaa katika mfuko wa korodani. Yote mawili hutokana na minyoo membamba kama uzi ambayo hukaa katika mishipa ya limfu, ile mishipa inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Pwani yetu ina maelezo mengi juu ya jambo hili. Wengine husema busha huletwa na kunywa madafu mengi, wengine husema ni urithi, wengine huona mkono wa mtu. Tumeshawasikia wanaume wazima wakiapa kwamba hawataonja dafu tena. Maskini dafu halina kosa lolote! Anayeubeba ugonjwa ni mbu.

Minyoo iliyokomaa huishi mwilini miaka mingi, mara nyingi kati ya 6 na 8, na muda wote huo huzaa vitoto visivyoonekana kwa macho ambavyo huelea katika damu. Ajabu ni kwamba vitoto hivyo hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, saa zile ambazo mbu anauma. Mchana hujificha ndani. Ndiyo maana wapimaji wa ugonjwa huu walilazimika kupita nyumba kwa nyumba saa nne, saa tano za usiku kutoboa watu vidole. Msomaji wa pwani anajua kwamba kuomba damu ya mtu usiku si jambo dogo, maana neno mumiani halijafa midomoni mwa watu.

Mbu akishakunywa damu yenye vitoto hivyo, huvilea mwilini mwake kwa muda wa siku kumi hadi wiki mbili hivi, kisha huviacha kwenye ngozi ya mtu mwingine anapomuuma. Lakini hapa kuna jambo la kutia moyo. Kuumwa mara moja hakuleti matende. Inahitaji kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi sana, kwa miezi na miaka, ndipo minyoo ijenge makao mwilini. Mara nyingi mtu huanza kuambukizwa akiwa mtoto, na dalili huja akiwa mtu mzima. Kwa hiyo mzee hakukosea kumtazama mjukuu wake. Usiku wa mtoto wa miaka tisa ndio unaoamua mguu wa mtu wa miaka arobaini.

Sasa, ni mbu yupi? Katika miji yetu mbeba matende mkuu amekuwa mbu aina ya kuleksi. Tofauti na anofelesi wa malaria, ambaye kwa kawaida hupenda maji yaliyo safi kiasi, kuleksi hupenda maji machafu: shimo la choo lenye maji, karo lililopasuka mfuniko, mtaro uliosimama. Jike hutaga mayai yake juu ya maji yakiwa yameshikamana kama kijichombo, mamia kwa mara moja. Mayai hutoa viluwiluwi. Viluwiluwi huning'inia chini ya uso wa maji huku wameinua mrija wa kupumulia, na katika joto letu haipiti muda wa wiki moja na nusu kabla ya kuwa mbu kamili. Shimo moja tu la choo lenye maji linaweza kulisha mtaa mzima kwa mbu, na mwenye shimo asijue.

Kwa miaka mingi dawa ya mbu hawa ilikuwa ni kemikali. Zinafanya kazi, hatukatai, lakini zinapaswa kurudiwa tena na tena, zinahitaji fedha za kigeni, na kuleksi ni mdudu hodari wa kuzizoea. Mkuu wa afya akikosa fedha za mwezi mmoja, mbu hurudi kama hakuna kilichotokea.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Zanzibar, pamoja na wenzao wa chuo cha afya na tiba za nchi za joto cha London, akiwemo Christopher Curtis na Caroline Maxwell, walijaribu kitu kingine huko Makunduchi. Wasomaji wanaijua Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Ni mji ulioko kusini kabisa mwa Unguja, juu ya jabali la matumbawe, na wakati ule karibu nusu ya watu waliopimwa, 49 katika kila 100, walikuwa na vitoto vya minyoo katika damu yao. Fikiri hesabu hiyo. Ukikaa barazani na jirani yako, mmoja wenu anao.

Walichokileta hakikuwa mashine wala sumu. Zilikuwa punje nyeupe za plastiki, nyepesi kama pamba, zile zile tunazozikuta zimegandamana kwenye boksi la redio au televisheni mpya. Jina lake la kitaalamu ni polistirini. Zikiwa mbichi huwa ndogo na ngumu kama chembe za sukari, na mfuko mmoja hubebeka begani. Zikitiwa katika maji yanayochemka, kemikali iliyofungwa ndani yake hugeuka gesi na kuzifurisha zikawa kubwa kama punje za mtama, na ule mfuko mmoja ukawa magunia. Hapo ndipo wepesi wa jambo ulipo. Meli haisafirishi hewa, husafirisha punje mbichi, na kazi ya kuzifurisha hufanyika papo hapo kwa sufuria na kuni.

Punje hizo humwagwa shimoni mpaka zifanye tandiko la sentimita moja au mbili juu ya maji. Kisha huachwa. Kiluwiluwi akipanda kuvuta pumzi hukutana na dari, akafa kwa kukosa hewa. Jike la mbu likija kutaga halipati uso wa maji. Vitu vya chooni vikianguka hupenya katikati ya punje, na tandiko hujifunga tena nyuma yake. Shimo likikauka wakati wa kiangazi, punje hushuka chini, na maji yakirudi nazo hupanda. Hazina sumu, hazioliwi na mdudu, hazihitaji kurudiwa kila wiki. Katika shimo lisilofurika hukaa miaka. Mashimo makavu hayakuhitaji kitu, maana mbu hatagi pakavu. Kazi ilikuwa kuyatafuta yale yenye maji, yote, bila kuruka hata nyumba moja.

Hilo la "bila kuruka" ndilo gumu. Kufunguliwa mlango wa choo cha mtu si sawa na kufunguliwa mlango wa duka. Kila muuguzi aliyewahi kupita kukagua vyoo anajua jinsi mama mwenye nyumba anavyoona haya, na jinsi unavyopaswa kuanza na salamu, habari za watoto, habari za shamba, kabla ya kutaja shimo.

Pamoja na punje, watu wa Makunduchi walipewa dawa ya kuua vimelea iitwayo daiethilikabamazini, ambayo kwa kifupi huandikwa DEC. Ilikuwa kampeni moja tu. Dawa ile si tamu kwa mwenye vimelea vingi. Vimelea vikifa humletea homa, kichwa na kuwashwa, na mgonjwa huweza kudhani amelishwa sumu, kumbe ni dalili kwamba dawa imefika. Katika miaka 5 iliyofuata, wale 49 katika 100 walishuka hadi kufikia 3.

Mtu makini atauliza: Je, si dawa tu iliyofanya kazi? Wataalamu walijiuliza hivyo hivyo. Walilinganisha na mji mwingine, Moga, ambako dawa ilitolewa lakini mashimo hayakutiwa punje. Huko nako vimelea vilishuka baada ya dawa. Lakini kati ya mwaka wa 3 na wa 6 vilianza kupanda tena. Dawa ilifagia nyumba, lakini mbu waliendelea kuingiza takataka dirishani. Makunduchi dirisha lilikuwa limefungwa. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kusini mwa India pia, katika jimbo la Tamil Nadu, ilionekana kwamba mahali mbu walipodhibitiwa pamoja na dawa, faida ya dawa ilidumu zaidi.

Tungependa kuishia hapo, maana habari njema ni nzuri kuisimulia. Lakini Unguja si Makunduchi peke yake, na mji ulitoa jibu jingine.

Katika mji wa Zanzibar mashimo na makaro 3,844 yalitiwa punje. Ni kazi kubwa. Anayeujua Mji Mkongwe anajua jinsi nyumba zilivyobanana, familia nne au tano chini ya dari moja, na karo la kale liko chini ya sakafu ambayo hakuna anayekumbuka ilifunguliwa lini. Matokeo yake mbu ndani ya nyumba walipungua kwa kiasi cha 65 katika kila 100. Ukisema hivyo kwa mama aliyekuwa akikesha na kipepeo kumpungia mtoto, atashukuru. Ukisema kwa mtaalamu wa matende, atatikisa kichwa, kwa sababu waliobaki wanatosha kuendeleza ugonjwa. Sehemu moja ya mji mitaro na madimbwi yaliongezewa dawa ya vijidudu vinavyoua viluwiluwi, na haikuonekana faida kubwa zaidi ya ile ya punje. Wataalamu wenyewe waliandika kwa uaminifu kwamba gharama na jasho la kupunguza mbu kwa kiasi hicho mjini ni vigumu kulihalalisha kwa ajili ya matende peke yake. Waliongeza lakini kwamba watu walipolala bila kuumwa, huenda hilo likawafanya waipokee kampeni nzima kwa moyo.

Sisi tunadhani neno hili la mwisho lina uzito kuliko walivyolipa. Minyoo ya matende haionekani wala haiumi mpaka muda umepita. Ukimwambia mtu ameze vidonge leo kwa ajili ya mguu utakaovimba baada ya miaka ishirini, ana haki ya kusita, naye hana homa. Lakini kila mtu anamsikia mbu. Ukimwondolea mlio wa mbu usiku wa leo, kesho atakufungulia mlango ukileta vidonge. Kwa miaka yote ya kazi yetu hatujaona mahubiri ya afya yaliyoshinda usingizi mzuri.

Tena, tofauti ya Makunduchi na mji inatufundisha namna ya kuchagua vifaa. Punje zilekuwa zile zile. Makunduchi mbu karibu wote walitoka katika mashimo, basi ukifunga mashimo umemaliza. Mjini mbu anazo nyumba nyingi. Tumeona vifaa vingi vya bei nafuu vikiletwa katika nchi zetu kwa sifa kubwa, vikapigwa picha, kisha vikafia stoo kwa sababu hakuna aliyeuliza kwanza maji ya mahali pale yanasimama wapi.

Baada ya hapo Zanzibar ilichukua njia ya dawa kwa watu wote. Nchi za dunia zilikuwa zimeazimia mwaka 1997 kuutokomeza ugonjwa huu, na watengenezaji walitoa ivamektini na albendazoli bila malipo. Kuanzia mwaka 2001 watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba Unguja na Pemba, mara moja kwa mwaka, wakiwamezesha watu. Vimelea vilishuka sana. Ugawaji ukasimamishwa, na baadaye upimaji ukaonyesha kwamba maambukizi hayakwisha, ikabidi dawa irudi. Hatusemi hivyo kuwalaumu wagawaji, ambao wengi walitembea juani bila malipo ya maana. Tunasema kwa sababu ni kama tulivyoona Moga.

Wasomaji mtauliza, basi punje hizo tuzipate wapi? Kwa kweli si bidhaa ya dukani. Ni kazi ya kampeni, yenye watu wa afya wanaojua ni mashimo yapi yenye maji na yapi makavu. Tena ni plastiki. Zikitiwa katika mtaro au shimo linalofurika masika, zitatoka na kuelekea pwani, na bahari yetu ina takataka za kutosha. Msivunjevunje maboksi ya televisheni mkamwaga chooni. Vipande visivyolingana huacha nafasi katikati, na kiluwiluwi anahitaji nafasi ndogo sana. Wala msimwage oili chafu ya gari kama tulivyoona baadhi ya watu wakifanya. Inaua viluwiluwi kwa muda mfupi, kisha hupenya, na jabali la Unguja limejaa matundu, linapitisha uchafu mpaka kisimani.

Yako mambo ambayo nyumba inaweza kuyafanya bila kumngoja mtu. Tundu la choo liwe na kifuniko kinachobana, hata cha mbao kilichochongwa na fundi wa mtaani. Bomba la hewa lifungwe wavu wa kuzuia wadudu juu kabisa, na wavu ukitoboka ubadilishwe. Mfuniko wa karo uliopasuka uzibwe kwa saruji. Kikombe kimoja cha saruji kinaweza kuwa dawa kubwa kuliko chupa ya kupulizia. Watoto walale ndani ya chandarua kila usiku, maana chandarua hakichagui kati ya mbu wa malaria na mbu wa matende. Na wagawaji wa dawa wakitangazwa, watu wameze, isipokuwa mama wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi, ambao wataelezwa na mgawaji.

Na kwa aliyekwisha kuvimba? Dawa haiurudishi mguu wa zamani kama ulivyokuwa. Lakini mguu unaweza kuzuiwa usizidi, na zile homa kali zinazomlaza mtu kitandani zinaweza kupungua sana. Daktari Gerusa Dreyer wa Recife, Brazili, alionyesha kwamba homa hizo nyingi hutokana na vijidudu vinavyoingia kupitia mipasuko ya ngozi, na kwamba kinga yake ni maji safi na sabuni. Mguu uoshwe kila siku, taratibu, mpaka katikati ya vidole na ndani ya kila mkunjo. Ukaushwe vizuri kwa kitambaa laini, hasa pale kati ya vidole ambapo watu wengi husahau. Uinuliwe wakati wa kupumzika, kifundo kichezeshwe, na mgonjwa avae viatu visivyombana. Mwenye busha aje hospitalini bila haya. Ni operesheni inayojulikana, na wanaume waliojificha miaka kumi hutuambia wanajuta kuchelewa.

Yule mzee tulimfundisha kuosha mguu pale pale, beseni moja, kidumu kimoja cha maji, kipande cha sabuni ya mche. Mjukuu ndiye tuliyempa kitambaa cha kukaushia, maana mzee hakuweza kuinama kufikia vidole. Kuhusu swali lake tulimwambia ukweli: mtoto apewe dawa, alale ndani ya chandarua, na tundu la choo lifunikwe.

Alirudi baada ya miezi miwili. Mguu ulikuwa bado mkubwa, lakini vidonda vilikuwa vimefunga na harufu haikuwepo. Alikuwa amevaa makubadhi, yameshonwa upya na fundi ili kamba ya kushoto ipate urefu. Tulimuuliza habari za choo. Mjukuu ndiye aliyejibu, kwamba babu amekata kifuniko kutoka kwenye ubao wa ngalawa yake ya zamani, na kwamba kinabana mpaka wageni wanashindwa kukifungua.